Ushirika wa Umeme na Kura ya Mwanachama

Watu wengi vijijini wanakijua chama cha ushirika cha mazao. Mkulima analeta kahawa, pamba au korosho. Karani anapima kwenye mizani, anaandika stakabadhi, na mkulima anasubiri malipo yake. Mkulima huyo ni mwanachama. Mara moja kwa mwaka anaitwa kwenye mkutano mkuu. Anasikiliza hesabu za chama, anauliza maswali, kisha anachagua wajumbe wa bodi.

Sasa fikiri juu ya chama cha namna hiyo hiyo, lakini hakinunui kahawa wala pamba. Kinauza umeme. Nguzo ni mali ya wanachama. Nyaya ni mali yao. Kila mtu anayewasha taa kwa umeme wa chama hicho ni mwanachama.

Vyama vya namna hiyo vipo. Nchini Marekani viko karibu 900, na vinawahudumia watu wapatao milioni 42. Wengi wao ni watu wa mashambani na wa miji midogo. Nyaya zao zimetandazwa katika zaidi ya nusu ya eneo la nchi ile.

Katika sura hii tutasoma jinsi vyama hivyo vilivyoanza, jinsi wanachama wanavyopiga kura, na jinsi kura hizo katika sehemu fulani zilivyobadilisha mahali umeme unapotoka: kutoka makaa ya mawe kwenda kwenye jua, maji na upepo.

WAKULIMA WALIOKOSA TAA

Katika mwaka wa 1935, nyumba 9 kati ya 10 katika miji ya Marekani zilikuwa na umeme. Mashambani mambo yalikuwa kinyume. Huko ni nyumba 1 tu kati ya 10 iliyokuwa na umeme.

Msomaji anaweza kushangaa, kwa maana tumezoea kusikia kwamba Marekani ni nchi ya mashine. Lakini mkulima wa Marekani wa wakati ule aliishi maisha ambayo sisi tunayafahamu vizuri. Wanawake walichota maji kwa ndoo. Walifua kwa mikono. Walipasha pasi za chuma juu ya jiko la kuni, hata wakati wa joto kali. Usiku waliwasha taa za mafuta. Ng'ombe walikamuliwa alfajiri gizani, na maziwa yalichacha kwa kukosa mahali pa baridi pa kuyaweka.

Makampuni ya umeme yalikataa kwenda mashambani. Yalisema hivi: nyumba za wakulima ziko mbali mbali, nguzo zitakuwa nyingi na wateja watakuwa wachache, kwa hiyo hakuna faida.

Tarehe 11 Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt alianzisha idara ya serikali ya kupeleka umeme mashambani. Mwaka uliofuata, 1936, Bunge lilipitisha sheria ya kazi hiyo. Idara ilitoa mikopo ya riba ndogo. Makampuni makubwa hayakuivutiwa sana na mikopo ile. Waliojitokeza kukopa walikuwa wakulima wenyewe, waliojiunga katika vyama vya ushirika.

Kuanzisha vyama hivyo haikuwa kazi rahisi. Wakulima walipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzao. Katika vyama vingi kiingilio kilikuwa dola 5. Kwa mkulima wa siku zile, dola 5 zilikuwa fedha nyingi. Wengine waliogopa kutia sahihi. Walidhani kwamba chama kikishindwa kulipa mkopo, serikali itachukua mashamba yao.

Katika jimbo la Texas kulikuwa na mbunge kijana aliyeitwa Lyndon Johnson. Baadaye alikuwa Rais wa nchi. Sehemu aliyotoka ni ya vilima na mawe, na nyumba zake ni chache. Johnson aliwasaidia watu wa huko kupata mkopo. Mwaka 1938 chama kilichoitwa Pedernales kiliandikishwa. Leo chama hicho ndicho kikubwa kuliko vyama vyote vya umeme nchini Marekani. Tutakutana nacho tena hapa mbele.

Ilipofika mwaka 1953, zaidi ya asilimia 90 ya mashamba ya Marekani yalikuwa na umeme.

Hata kwetu Tanzania jambo hili limewahi kujaribiwa. Huko Urambo, mkoani Tabora, watumiaji wa umeme waliunda ushirika wao, nao ulianza kutoa umeme mwaka 1994 kwa mashine za dizeli. Basi mawazo tunayosoma hapa hayako mbali nasi kama inavyoonekana.

NANI MWENYE CHAMA?

Kampuni ni mali ya wenye hisa. Mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Katika ushirika sivyo. Kila mwanachama ana kura moja. Mwenye shamba kubwa na mashine nyingi ana kura moja. Mjane mwenye taa mbili na redio naye ana kura moja.

Faida nayo haiendi kwa tajiri wa mbali. Chama kikipata ziada, ziada hiyo huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme aliotumia. Inaweza kukaa miaka mingi katika chama ikifanya kazi ya mtaji, kisha mwanachama hurudishiwa.

Jambo hili la kura moja kwa kila mtu si dogo. Katika jimbo la Arizona kuna shirika kubwa la maji na umeme linaloitwa Salt River Project, lililoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1903. Shirika hilo si ushirika wa umeme wa namna tunayoieleza. Huko sehemu kubwa ya viti vya uongozi huchaguliwa kwa kuhesabu ekari. Mwenye ekari nyingi ana kura nyingi. Mwenye kiwanja kidogo ana kipande cha kura. Mpangaji asiye na ardhi hana kura katika viti hivyo, ingawa kila mwezi analipa ankara ya umeme kama wengine. Nadhani msomaji ataona tofauti yake mara moja.

Wanachama hawawezi kukutana kila siku kuamua mambo. Kwa hiyo wanachagua bodi. Bodi huajiri meneja. Bodi hupanga bei ya umeme. Bodi huamua juu ya mikopo, nguzo mpya na mashine mpya. Tena bodi ndiyo inayotia sahihi mikataba ya kununua umeme. Kazi hii ya mwisho watu wengi hawaifikirii, na kumbe ndiyo nzito kuliko zote.

KURA ZINAZOLALA

Mwaka 2016 taasisi moja ya Marekani inayoitwa Institute for Local Self-Reliance ilichunguza uchaguzi wa vyama vya umeme. Iliona kwamba katika vyama 7 kati ya 10, wanachama waliopiga kura hawakufika hata asilimia 10.

Tufanye hesabu. Chukua chama chenye wanachama 10,000. Wanaopiga kura ni asilimia 10, yaani watu 1,000. Wagombea ni wawili. Atakayepata kura 501 ameshinda. Basi watu 501 wamewachagulia watu 10,000. Hiyo ni kama mtu 1 kati ya 20.

Vyama vingi vimegawanywa katika kata. Kila kata inachagua wajumbe wake. Kama chama chetu kina kata 4 zilizo sawa, kila kata ina wanachama 2,500. Wakipiga kura asilimia 10, hao ni 250. Mshindi anahitaji kura 126 tu. Watu 126 wanaenea katika jengo moja la shule.

Hesabu hii ina pande mbili. Upande mmoja, ni hatari, kwa sababu kikundi kidogo kinaweza kukaa na chama miaka na miaka. Upande mwingine, inaonyesha kwamba wanachama wachache walioamka wanaweza kubadilisha bodi bila fedha nyingi. Darasani jadilianeni: katika chama chenu cha msingi, ni wanachama wangapi walihudhuria mkutano mkuu uliopita? Na mjumbe wa mwisho alishinda kwa kura ngapi?

Kwa nini watu hawapigi kura? Wengi hawajui kwamba wao ni wanachama. Wanadhani ni wateja tu. Wanapokea ankara, wanalipa, basi. Wengine hupata karatasi ya kura ndani ya bahasha pamoja na matangazo, wakaitupa. Kwingine mkutano mkuu hufanywa siku ya kazi, mbali na kwao. Na katika vyama vingine mgombea hana mpinzani. Mtu huyo huyo anarudi kila mara mpaka anazeeka kitini.

Lakini si haki kuwalaumu wanachama peke yao. Mara nyingine masharti ya chama yenyewe yametungwa ili kura isiwe na nguvu. Hapo ndipo tunarudi Texas, kwa chama cha Pedernales.

Kwa miaka mingi katika chama hicho kulikuwa na kamati ya uteuzi. Kamati ilipendekeza jina moja kwa kila kiti. Kisha wanachama walitumiwa karatasi ya kumpa mtu mwingine idhini ya kuwapigia kura. Idhini hizo ziliingia mikononi mwa bodi yenyewe. Kwa hiyo bodi ilijichagua.

Mwaka 2007 baadhi ya wanachama walikwenda mahakamani. Mambo mengi yalitoka nje. Watu walisikia mishahara na safari za gharama kubwa za viongozi. Meneja aliyekuwa ameshika kazi kwa zaidi ya miaka 30 aliondoka, na mwaka 2010 mahakama ilimwona na hatia ya kutumia vibaya fedha za chama. Mwaka 2008 uchaguzi ulifunguliwa. Mwanachama yeyote mwenye sifa aliweza kugombea. Idhini zile zikafutwa. Wajumbe wapya wakaingia.

Angalia kwamba chama kile kilianzishwa na wakulima maskini kwa jasho lao. Kiliendelea kuitwa ushirika kwa miaka 70. Jina halikukizuia kuponyoka.

MAKAA YA MAWE YALITOKA WAPI?

Sisi tunajua chama cha msingi na chama kikuu. Vyama vya msingi vya vijiji huungana kuunda chama kikuu, nacho huuza mazao yao kwa pamoja. Umeme wa Marekani una mpango kama huo. Chama cha wanachama kina nguzo na nyaya, lakini mara nyingi hakina mtambo wa kufua umeme. Vyama kadhaa huungana na kuunda chama kikuu. Chama kikuu kinajenga mitambo na kuviuzia vyama vya msingi umeme.

Mojawapo ya vyama vikuu hivyo ni Tri-State. Kiliundwa mwaka 1952, na makao yake makuu yako katika jimbo la Colorado. Kinauza umeme katika majimbo manne: Colorado, New Mexico, Wyoming na Nebraska.

Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana duniani. Hata sisi tuliumia wakati ule. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia kujenga mitambo mipya ya umeme inayotumia mafuta au gesi. Vyama vikuu vilikuwa vinahitaji umeme zaidi. Vikakopa fedha nyingi na kujenga mitambo ya makaa ya mawe.

Mkopo mkubwa hulipwa kwa miaka mingi. Mkopeshaji anataka uhakika. Kwa hiyo vyama vya msingi vilitiliana sahihi mikataba mirefu na chama kikuu. Wanachama wa Tri-State wengi walijifunga mpaka mwaka 2050. Mkataba ulisema kwamba chama cha msingi lazima kinunue asilimia 95 ya umeme wake kutoka Tri-State. Kiliruhusiwa kujifulia chenyewe asilimia 5 tu.

Wakati makaa yalipokuwa rahisi, watu hawakuona tabu. Baadaye mambo yaligeuka. Kati ya mwaka 2010 na 2020 gharama ya kufua umeme wa jua katika mitambo mikubwa ilishuka duniani kwa zaidi ya asilimia 80. Upepo nao ukawa rahisi. Jua, upepo na maji ya mto havichimbwi na havikwishi. Siku hizi wataalamu huita nguvu hizo nishati jadidifu. Makaa ya mawe yanachimbwa, yanasafirishwa kwa treni, yanachomwa, na moshi wake unaharibu hewa na kuzidisha joto la dunia.

Mwanachama wa Colorado akatazama nje. Jua linawaka karibu mwaka mzima. Maji yanaporomoka kwenye mifereji yake ya umwagiliaji. Lakini mkataba unamwambia: asilimia 5 tu.

MFEREJI WA DELTA-MONTROSE

Magharibi mwa Colorado kuna chama cha umeme kinachoitwa Delta-Montrose. Wanachama wake ni wakulima wa matunda na mahindi, wafugaji, watu wa miji midogo, na pia wachimbaji wa makaa ya mawe.

Bonde lao linanyweshwa na maji ya mto Gunnison. Zamani watu walitoboa mlima na kuchimba handaki la urefu wa kilometa 9 hivi ili maji yapite. Rais William Taft alilifungua mwaka 1909. Maji yakitoka kwenye handaki yanaingia katika mfereji mkubwa, nao una maporomoko mahali pengi. Kwa zaidi ya miaka 100 maji hayo yalianguka bure.

Chama kilijenga mitambo miwili midogo kwenye mfereji huo. Ilianza kazi mwaka 2013. Maji ni yale yale ya kumwagilia mashamba. Yanazungusha mtambo, kisha yanaendelea kwenda shambani. Hakuna tone lililopotea. Lakini kwa mitambo hiyo miwili chama kikawa kimefika kwenye mpaka wa asilimia 5.

Mwekezaji mmoja akaja. Alitaka kujenga mtambo mwingine kwenye mfereji ule ule na kukiuzia chama umeme. Swali likawa: je, mkataba unaruhusu? Jambo lilikwenda mpaka kwenye tume ya taifa inayosimamia umeme. Mwaka 2015 tume iliamua kwamba kwa sheria ya mwaka 1978 chama kinapaswa kununua umeme wa namna hiyo, hata kama umepita asilimia 5.

Ushindi ule uliwatia moyo. Bodi ikaanza kufikiria jambo kubwa zaidi, yaani kutoka kabisa katika Tri-State. Bodi hiyo ilikuwa imechaguliwa na wanachama, na wagombea waliulizwa waziwazi katika mikutano: Wewe unasimama wapi juu ya mkataba?

Kutoka kuna gharama. Anayetoka lazima alipe sehemu yake ya madeni ya mitambo. Fedha zitatoka wapi? Mwezi Oktoba 2018 wanachama waliombwa kupiga kura. Walitakiwa kukubali au kukataa kubadilisha katiba ya chama ili, ikibidi, chama kiweze kutafuta mtaji kwa njia mpya. Wanachama walikubali.

Mazungumzo yaliendelea. Mwaka 2019 pande mbili zilipatana. Mwaka 2020, katikati ya mwaka, Delta-Montrose ilitoka. Malipo ya kujitoa yalikuwa dola milioni 62.5, nayo yalilipwa na kampuni mpya inayokiuzia chama umeme. Kampuni hiyo itazirudisha fedha zake kwa kuuza umeme miaka mingi. Usidhani fedha zilidondoka kutoka mbinguni. Sasa chama kinaweza kujifulia chenyewe asilimia 20 au zaidi ya umeme wake, badala ya asilimia 5.

WACHIMBAJI WA MAKAA

Hapa lazima tuseme juu ya watu walioumia.

Katika eneo la chama hicho, juu kidogo ya mji mdogo wa Paonia, kulikuwa na migodi mitatu ya makaa ya mawe. Baba alichimba, mtoto akachimba. Mshahara wa mgodi ulikuwa mkubwa kuliko wa kazi nyingine nyingi za huko. Ilipofika mwaka 2016 migodi miwili kati ya mitatu ilikuwa imefungwa. Mamia ya watu walipoteza kazi. Maduka yalikosa wateja. Familia zikahama.

Migodi hiyo haikufungwa kwa kura ya chama cha umeme. Mmoja ulipata moto chini ya ardhi, na soko la makaa lilikuwa limeanguka. Lakini mchimbaji aliyefukuzwa kazi akisikia jirani yake anasema "tuache makaa", moyo wake unachomwa. Yeye naye ni mwanachama. Yeye naye ana kura moja.

Na mji huo huo wa Paonia una shule mashuhuri inayofundisha watu kufunga mitambo ya umeme wa jua. Mgodi na shule ya jua viko katika bonde moja, na watu wake wanakutana duka moja. Kwa hiyo wagombea wa bodi hawakuweza kuzungumza juu ya hewa safi peke yake. Walilazimika kuzungumza juu ya bei na kazi. Chama kilianza pia kutandaza nyaya za intaneti kwa wanachama wake, na baadhi ya wachimbaji wa zamani walipata kazi katika shughuli hiyo. Si wote. Na mshahara wa mgodi haukurudi.

Nadhani hapa ndipo kura inapopimwa. Kumshinda adui wa mbali ni rahisi. Kumshawishi jirani aliyepoteza kazi ni kazi ngumu zaidi.

TAOS NA JUA LA MCHANA

Kusini, katika jimbo la New Mexico, kuna mji wa Taos. Kuna vijiji vya zamani vya watu wenye asili ya Kihispania, na kuna Wahindi Wekundu waliokaa hapo kabla ya wote. Watu wengi wa huko si matajiri. Chama chao cha umeme kinaitwa Kit Carson, nacho kilianzishwa mwaka 1944.

Chama hiki kilitangulia wenzake. Kilitoka katika Tri-State mwaka 2016. Kilitakiwa kulipa dola milioni 37. Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Kila Tri-State ilipopandisha bei, ankara za wanachama ziliongezeka. Sababu ya pili ilikuwa jua. Wanachama na bodi yao walitaka mitambo ya jua ijengwe kwao, si mbali.

Chama kiliweka shabaha: ikifika mwaka 2022, mchana wenye jua umeme wote wa wanachama utoke kwenye jua. Shabaha hiyo ilifikiwa mwaka huo huo wa 2022. Mitambo haikujengwa mahali pamoja. Ilitawanywa katika sehemu mbalimbali za eneo la chama. Baadhi ina betri kubwa za kuweka umeme.

Zingatia neno "mchana". Usiku jua halipo. Wakati huo chama hununua umeme kutoka nje, na umeme huo una mchanganyiko. Betri zinasaidia saa chache za jioni, wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa. Mtu akikuambia kwamba jua peke yake linatosha saa zote 24, mwulize ana betri za ukubwa gani.

JINSI WANACHAMA WALIVYOFANYA

Msomaji atauliza: Watu hawa walianzia wapi?

Walianza kwa kusoma. Kila chama kina masharti yake yaliyoandikwa. Ndani yake kuna mambo kama haya: nani anaweza kugombea, sahihi ngapi zinahitajika ili jina la mgombea liingie kwenye karatasi, siku ya mwisho ya kupeleka sahihi, na idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali. Watu wengi wenye mawazo mazuri walishindwa kwa sababu walifika wiki moja baada ya siku ya mwisho.

Kisha walihudhuria vikao vya bodi. Huko walisikia nani anasema nini. Kama vikao vilikuwa vya siri, walidai vifunguliwe.

Halafu walitafuta mgombea. Kazi hii ndiyo inayovunja watu moyo. Mjumbe wa bodi lazima asome makaratasi mengi ya hesabu. Watu wengi wanapenda kulalamika, wachache wanapenda kusoma hesabu. Mgombea aliyefaa mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida ambaye majirani walimwamini: mkulima, mwalimu mstaafu, mwenye duka.

Mwisho walipita kwa majirani. Walieleza kwamba bahasha ile ina karatasi ya kura, isitupwe.

Tena ilitakiwa subira. Chama cha La Plata, kusini-magharibi mwa Colorado, kina wajumbe 12 wa bodi kutoka kata 4. Kila mjumbe hukaa miaka 3. Kila mwaka viti 4 tu vinapigiwa kura, kimoja katika kila kata. Kwa hiyo hata ukishinda viti vyote vya mwaka huu, bado una 4 kati ya 12. Lazima ushinde tena mwaka ujao. Kwa miaka mingi wagombea waliotaka umeme zaidi wa jua walishinda viti fulani na kupoteza vingine. Mwezi Machi 2024 bodi ilipiga kura kujitoa Tri-State baada ya notisi ya miaka miwili.

HATARI ZA KUTOKA, HATARI ZA KUBAKI

Bodi inaweza kukosea kwa pande zote mbili. Anayetoka anabeba deni la kujitoa. United Power, chama kikubwa karibu na mji wa Denver, kilitoka Tri-State tarehe 1 Mei 2024 kwa malipo ya dola milioni 627. Fedha hizo lazima zirudi kupitia ankara za wanachama. Kama umeme mpya ni rahisi kama walivyopiga hesabu, watapata nafuu. Kama sivyo, watalipa.

Anayebaki naye hana usalama kamili. Mwezi Februari 2021 baridi kali iliingia Texas. Mabomba ya gesi yaliganda, mitambo ya kila aina ilizimika, na bei ya umeme kwenye soko ilipanda mara mia kadhaa kwa siku chache. Chama kikuu cha Brazos, kilichotegemea sana gesi, kilidaiwa karibu dola bilioni 2. Tarehe 1 Machi 2021 kiliomba mahakama ikilinde kwa sababu ya kufilisika. Vyama vya msingi vilivyokuwa chini yake, na wanachama wao, ndio waliobaki na mzigo.

Tri-State yenyewe haikukaa kimya. Ilipoona vyama vinatoka, mwezi Januari 2020 ilitangaza mpango wa kupunguza makaa na kuongeza jua na upepo. Mwaka huo huo ilifunga kituo cha makaa cha Escalante, huko New Mexico, kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 100. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 9.7 kuvisaidia vyama vya umeme vya mashambani kuhamia kwenye umeme safi, na vyama vikuu vilikuwa miongoni mwa vilivyoomba. Mwaka 2024, karibu na mahali kilipokuwa kituo cha Escalante, mitambo mikubwa ya jua ilianza kufua umeme, na mnunuzi wake ni Tri-State.

Vyama vingi vilivyobaki Tri-State havikupigana mahakamani wala havikulipa mamilioni. Lakini navyo sasa vinaruhusiwa kujifulia umeme zaidi ya ile asilimia 5 ya zamani.